Kuuzisha nyumba Lubumbashi: bei inapimwa na komisyonere (dalali), eksperi ao miye mwenyewe?

Kyalo_Katuba
Jambo yenu bandugu. Tuko na nyumba ya baba ku Katuba, lupango (kiwanja) 20 kwa 25, vyumba tatu, matofali ya kuchoma, malata ya zamani. Komisyonere wa kwanza alisimama dakika kumi hivi, hata robine hakufungua, akasema 45 000 dola. Wa pili 28 000. Eksperi naye anaomba makuta yake mbele ya kufika. Nifate nani?

Mama_Kamalondo
Huyu wa 45 anataka umuachie ufunguo tu. Nilionaga hiyo: anakupandishia bei unafurahi, miezi sita inapita, njo anaanza "mama, tushushe kidogo". Uliza majirani wenye waliuzisha kweli mwaka huu, kila mumoja alipokea ngapi mu mukono, si ile aliomba. Bei ya kuomba kila mutu iko nayo.

Fundi_Kampemba
Miye nafanyaga hivi, nachukua bei ya lupango mutupu hapo karibu, naongeza ile ingelipwa leo kujenga nyumba ya namna ile, sima, feri, malata, mabao, kisha napunguza juu ya uzee. Inasaidia, lakini mushitari halipi jasho yako. Nilitiaga karo (vigae) nyumba nzima, hakuna mutu aliongeza hata dola moja, lakini foraji (kisima cha kuchimba) bote waliisifu juu maji ya Regideso, kampuni ya maji, munaijua wenyewe. Vilevile kompteri ya umeme ya SNEL yenye iko yako peke yako, si ya kugawana na jirani.

Hesabu_Ruashi
Kuna na njia ya loyer (kodi ya nyumba). Tuseme nyumba inapangishwa 200 kwa mwezi, toa mwezi moja wa kukaa wazi, inabakia 2 200 kwa mwaka. Kama bashitari ba mtaa yako wanakubali kurudisha makuta yao mu miaka 12, inakuwa 26 400. Hiyo 12 ni mfano, tafuta ya kwenu, na utoe matengenezo pia. Kwa mutu anaenunua ili apangishe hii ni nzuri kupita, kwa mwenye anataka kuishi humo na batoto, fata Mama_Kamalondo.

Karani_wa_Zamani
Wote munaongea ukuta na malata, hakuna mwenye aliuliza karatasi! Kyalo, muko na nini?

Kyalo_Katuba
Livre ya lojere ya baba, kile kitabu kidogo cha kuonesha mwenye nyumba. Baba alikufa 2011.

Karani_wa_Zamani
Njo hapo bei yako inalala. Sheria ya 20 Julai 1973 inasema udongo ni wa Serikali, weye unauzisha haki yako juu yake na nyumba, na kuwa mwenye nyumba kunahakikishwa na sertifika ya anrejistrema. Ikipita miaka 2 tangu sertifika itoke, mwenye kukuja kulalamika anaweza kuomba malipo tu, lupango haumurudilie. Livre haina nguvu hiyo, kwa hiyo mushitari anakata gharama za kuibadilisha na anakata tena woga wake. Eksperi mzuri ataanza hapo, komisyonere hapana. Kisha bariti bote (wenye kuriti mali ya baba) wasaini, mupate na likidateri (musimamizi wa mali ya marehemu). Na muite jometre wa kadastre (mupimaji wa viwanja) mbele ya kusema "20 kwa 25".

Kyalo_Katuba
Jometre alikuja jana. Tulitafuta borne (alama za mupaka) ine na jembe, tatu tuliona, ya ine iko chini ya banda ya kuku ya jirani. Kwa hiyo tuko na 18 na nusu, si 20! Ku avenue yetu moja iliuzwa 30 000 na sertifika, ingine 22 000 na livre. Naona nianze 26, nisishuke chini ya 23.

Mama_Kamalondo
Hapo sawa. Na kwa ukuta hamukuandika "pas à vendre" (haiuzishwe) kama kila mutu Lushi?

Kyalo_Katuba
Tuliandika. Kaka mukubwa anakatala tufute.

Karani_wa_Zamani
Basi bado hamuuzishe.