Modeli ya mionzi kuvunja maji: kwa digrii 25 yatulia, kwa 300 oksijeni yapanda tu

kijana_wa_tudor
Wadau salaam aleikum. Mie niko na projekti ya masta, naandika modeli ya vile mionzi huvunja maji ndani ya riakta ya nyuklia, yale maji ya digrii 300 na presha ya megapaskali 15 hivi. Natumia Python, rieksheni karibu 40, na haidrojeni nimetia sisi (cc) 30 kwa kilo ya maji vile stesheni zenyewe hutia ili haidrojeni imeze zile OH, vipande vikali vya maji yaliyovunjika, na oksijeni isipate nafasi. Sasa kwa digrii 25 mambo shwari, peroksaidi (H2O2) yapanda kidogo yasimama. Nikipeleka 300 haidrojeni yaliwa yote halafu oksijeni yapanda kama bei ya unga, na laptopu yanguruma usiku kucha kama tuktuk inayopanda daraja la Nyali na abiria wanne. Supavaiza ananiambia "angalia kodi", yaani ile programu niliyoandika. Nshaiangalia mpaka macho yamekuwa mekundu jamani.

MamaKemia
Mwanangu, kodi iache kwanza. Zile G zako, yaani vipande vingapi vyatoka kwa kila eV 100 za nishati ya mionzi, umeweka ngapi?

kijana_wa_tudor
Elektroni 3.5 na OH 4.8, nilizitoa kwa ripoti ya joto la juu. H 0.55, H2 0.45 na H2O2 0.68 niliziacha zile za digrii 25 kwa sababu nilichoka kutafuta, nasema ukweli.

MamaKemia
Hahaha basi ugonjwa ni huo. Kilichovunjika ni maji, kwa hivyo vipande vyote ukivirudisha pamoja lazima vitoe maji, hakibaki kitu. Elektroni + H + H2 mara mbili iwe sawa na OH + H2O2 mara mbili. Za digrii 25: 2.63 + 0.55 + 0.90 = 4.08, upande wa pili 2.72 + 1.36 = 4.08. Waona? Zako sasa: 3.5 + 0.55 + 0.90 ni 4.95, huku 4.8 + 1.36 ni 6.16. Kila eV 100 wazalisha OH 1.21 zisizo na mwenyewe, hizo zakula haidrojeni yako yote na zikimaliza zageuka oksijeni. Hata ungetia sisi mia ingekawia tu kufika hapo hapo.
Na peroksaidi usiiache 0.68, maji yakiwa moto zile OH zatawanyika upesi kabla hazijakutana mbili mbili, kwa hivyo G yake hushuka. Ya H2 yenyewe huongezeka kidogo, na sababu yake wataalamu wangali wanabishana.

zee_la_boila
Kilifi watu waliandamana mtambo wa nyuklia usiletwe Uyombo nawe wauleta humu 😂 Mie nyuklia siijui, kazi yangu ni boila, lakini naona mwahesabu maji ya 300 kama ya mtungi. Lita moja kwa joto hilo haifiki robo tatu ya kilo, ni kama 0.73. Dozi ya mionzi hupimwa kwa kilo, wewe wahesabu moli kwa lita, umezidisha hiyo 0.73? Na hiyo oksijeni uiogope kweli, sisi huitoa kwa maji kabla hayajaingia boila, la sivyo bomba lafanya mashimo mashimo.

solva_kisauni
Laptopu kunguruma ni RK45 hiyo, ile njia ya Python ya kutatua ekwesheni hatua kwa hatua, wallahi. Elektroni yaishi maikrosekunde nawe wataka uone masaa, kwa hivyo yaenda hatua za sisimizi. Weka BDF ama Radau, njia zinazoweza kuruka hatua kubwa. Halafu pKw, ile namba ya vile maji yajigawa yenyewe kuwa H+ na OH-, usiache 14, kwa 300 iko kama 11.3, maji safi yasoma pH 5.6 na si asidi. Na usidhani kila rieksheni yafuata Arrhenius, ile fomula ya kasi kupanda na joto, elektroni mbili zikikutana kasi yake hupanda mpaka karibu digrii 150 kisha yaanguka.

kijana_wa_tudor
Nimerudi. G zote nimetoa pahala pamoja na nimezisawazisha, ile 0.73 mzee nilikuwa nimeisahau kabisa, BDF imemaliza kabla chai haijapoa na oksijeni imelala chini. Bado moja: H ikigonga maji ikatoa H2 na OH, mapepa mawili yanipa namba zisizoelewana hata kidogo. Nichukue ipi?

MamaKemia
Hiyo wenyewe hawajakubaliana. Endesha mara mbili, namba ya juu na ya chini, uweke grafu zote mbili kwa tesisi. Supavaiza akiuliza mwambie aangalie kodi.

zee_la_boila
😂😂😂