Tupeane uzoefu: uliyejifunza pikipiki ukiwa na miaka 45 na kuendelea

Mleta mada
Wakuu, habari za jioni. Nimestaafu na nahamia shambani. Kutoka lami hadi kwangu gari la abiria halifiki, na kila siku kulipa boda ni kujimaliza. Nina miaka 60, gari naendesha tangu ujana, lakini pikipiki nimeishia kupakiwa tu. Vijana wa kijiweni wananiambia, "Mzee njoo jioni moja tu, utakuwa umeiva." Hiyo jioni moja ndiyo inayonitia wasiwasi. Mliojifunza ukubwani, mlianzaje, na nani aliwafundisha? Ushauri wa "nunua bajaji" sitaki, nimeshapewa wa kutosha nyumbani.

Mwalimu wa Makambako
Ndugu yangu, wasiwasi wako una akili. Kijana wa boda anaendesha vizuri, ila mwili wake ndio unaojua, mdomo haujui kueleza. Wa kwangu alikaa nyuma akaniambia "achia klachi", tukaruka kama chura hadi kwenye mahindi ya watu. Nikatafuta mwalimu wa udereva, mtu mzima mwenzangu.

Huyo siku ya kwanza injini hata hakuiwasha. Aliniambia niikokote uwanjani, nizunguke nayo kushoto na kulia, niisimamishe kwa breki, niegemeze stendi. Halafu akailaza chini kwa makusudi na kusema inua. Unaigeuzia mgongo, makalio kwenye siti, unashika usukani na chuma cha nyuma, unakunja magoti, kisha unasukuma kwa miguu. Ukiinamia na kuvuta kama gunia, kiuno kinabaki hapohapo. Pikipiki ya Boxer ina zaidi ya kilo 100, na sisi migongo yetu tunaijua.

Baada ya hapo ni klachi. Gia ya kwanza, mafuta usiguse, achia polepole mpaka usikie inaanza kuvuta, basi shikilia hapo na utembee nayo miguu ikiwa chini. Tulikaa kwenye zoezi hilo mpaka nikaona ananionea. Lakini ndilo linaloniokoa leo nikiingia sokoni kwa mwendo wa konokono.

Na wewe wa gari, sikia hili vizuri. Ukishtuka barabarani, mguu wa kushoto utatafuta klachi. Kwenye pikipiki mguu wa kushoto ni gia! Boxer nyingi za boda gia zote zinakanyagwa mbele, kwa hiyo umeshtuka, umekanyaga, na umepanda gia. Fanya zoezi umekaa kwenye stendi, injini imezimwa: mkono wa kushoto klachi, mkono wa kulia breki ya mbele, mguu wa kulia breki ya nyuma. Rudia mpaka uchoke.

Nesi wa Singida
Mzee shikamoo. Mimi nilijifunza nikikaribia 50, zahanati ilipoletewa pikipiki ya kuzungukia vijiji na kijana aliyekuwa anaiendesha akahamishwa. Nitasema mambo ambayo wanaume hawayasemi.

Kwanza urefu. Ukikaa, nyayo zote mbili ziguse chini, siyo vidole tu. Ile ya zahanati ilikuwa ndefu kwangu, nikagoma mpaka fundi akaishusha kidogo nyuma. Walicheka, waache wacheke.

Pili nguo. Khanga na kitenge vinavyopepea huingia kwenye mnyororo. Vaa suruali nzito, na viatu vinavyofunika kifundo. Ekzosi ipo upande wa kulia, hivyo shukia kushoto. Kina mama wengi nawaona na lile kovu kwenye shavu la mguu. Ukiungua, weka chini ya maji ya bomba dakika 20. Dawa ya meno hapana, jamani.

Tatu helmeti. Utafiti mkubwa uliokusanya tafiti nyingi mwaka 2008 ulionyesha helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa 42% na ya kuumia kichwa kwa 69%. Hiyo ni helmeti iliyofungwa mkanda, siyo iliyoning'inizwa kwenye usukani kumsubiri trafiki. Ibonyeze ndani: ukikuta sponji laini tu bila lile boya gumu, hilo ni kopo.

Boda Mkongwe
Mzee mimi nakupa moja tu: breki ya mbele usiiguse. Itakupindua. Tumia ya nyuma maisha yako yote.

Mwalimu wa Makambako
Mkuu, heshima yako, lakini hilo tunapingana. Ukifunga breki uzito wote unaenda mbele, tairi la mbele ndilo linaloshika barabara, la nyuma linabaki jepesi na kuteleza. Anayetegemea ya nyuma peke yake anasimama mbali sana. Kinachopindua ni kuikaba ghafla, au kuigusa ukiwa umelala kwenye kona, au kwenye mchanga. Kwenye lami kavu, pikipiki imenyooka, ibane taratibu kisha ongeza, pamoja na ya nyuma.

Boda Mkongwe
Kwenye lami sawa. Mzee amesema anaenda shamba. Mchangani nabaki na langu.

Mwalimu wa Makambako
Mchangani tupo pamoja.

Mswahili wa Leicester
Nilijifunzia huku Uingereza nikiwa na 52. Huku kuna mafunzo ya lazima tangu 1990, yanaitwa CBT. Unaanza uwanjani na mwalimu, kisha barabarani si chini ya saa mbili, yeye nyuma yako anakusemesha kwa redio sikioni. Ukimridhisha, unapewa cheti cha miaka miwili cha kuendesha pikipiki isiyozidi 125cc, ukiwa na kibao cha L cha mwanafunzi. Kitu alichonikaba nacho ni kugeuza shingo. Kabla ya kukata kona vioo havitoshi, unaangalia begani. Shingo ya mtu mzima imekakamaa, kwa hiyo nilianza kuinyoosha asubuhi kabla ya chai. Usiku nao nimeuacha, taa za magari ya mbele zinanitawanyika machoni.

Mleta mada
Nawashukuru sana. Leseni yangu ya gari haitoshi kweli?

Nesi wa Singida
Haitoshi mzee. Madaraja ya leseni ya B au D hayagusi pikipiki. Unahitaji A, au A1 kama ni ndogo. Anza na ya kujifunzia, ubandike L. Na bima nayo, ukigonga mtu bila daraja husika, kampuni itapata pa kukwepea.

Mleta mada
Basi nimepata mwalimu, tunaanzia uwanja wa shule Jumamosi watoto wakiwa hawapo. Yule kijana wa kijiweni nimemwambia atakuja kunifundisha kupita mchangani, ila baadaye. Ana TVS. Gia zake ni kama za Boxer?

Boda Mkongwe
Zinatofautiana mzee, hata TVS kwa TVS. Kabla hujawasha mwambie akuonyeshe fri (pale gia haivuti) iko wapi na ya kwanza inaingilia upande gani. Na Jumamosi usikubali kupakia mtu, hata mjukuu akilia.