Tukizibana kampuni za kigeni kwenye kodi, ajira zitakimbia? Tujadili

Jumamosi kijiweni hapa Majengo, Dodoma, jamaa mmoja alisema kampuni za kigeni ziachwe na kodi zao maadamu zinaajiri watu wetu. "Ukizibana zinafunga, vijana wanarudi mtaani." Wengi wakaitikia. Mimi nilikataa, na nimeleta hapa mnipinge.

Nina karakana ya madirisha ya alumini, nimeisajili kama kampuni, vijana sita. Faida ikipatikana, 30% ni ya TRA, mamlaka ya mapato. Mwaka jana nilitaka kijana wa saba na mashine ya pili ya kukatia. Hesabu zilipofungwa, hela ya mashine ikaenda kwenye kodi. Sawa, ndiyo sheria.

Sasa tazama mwenzangu mwenye kampuni mama ng'ambo. Mama anamkopesha, anamtoza riba. Anamdai ada ya menejimenti, tena ada ya kutumia nembo. Zote zinaandikwa gharama, na faida inaibukia nchi yenye kodi kiduchu. Huku zinabaki hesabu za hasara, mwaka hadi mwaka, na bado anapanua jengo! (Mimi nikipata hasara miezi mitatu tu, mwenye fremu kashanitoa.) Kwenye riba sheria imeweka ukomo: deni likizidi mtaji kwa uwiano wa 7 kwa 3, riba ya deni la ziada haikubaliki kama gharama. Ada ndiyo kichwa kinauma, maana bei ya nembo utailinganisha na ipi? Wahasibu watakuambia huko ni kuepuka kodi ndani ya sheria, si kukwepa kwa kuvunja sheria. Haya.

Tukikutana kwenye zabuni pale Mtumba, yeye ana nafasi ya kushusha bei ambayo mimi sina. Kijana wangu wa saba ndipo alipopotelea, na hakuna atakayemhesabu kama ajira iliyokufa.

Jamaa wa kijiweni alinibana kwa makinikia (ule mchanga wa madini wenye dhahabu), na hapo alinipata. Mwaka 2017 serikali ilizuia yasisafirishwe, mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, kule Kahama, ukapunguza shughuli na watu wakaachishwa kazi. Barrick, kampuni mama ya kigeni ya mgodi huo, ilikuja kukubali kulipa dola milioni 300 kumaliza mgogoro, serikali ikapata hisa 16% kwenye migodi, mkataba ukasainiwa Januari 2020. Lakini waliotangulia kuumia ni wenye helmeti, si wanahisa. Dhahabu yenyewe haikuhama, iko pale pale.

Kama kuna mtu humu alikuwa Kahama wakati ule, atuambie: mliitwa tena kazini, au walichukuliwa wengine?