Naomba ushauri: nahesabu digrii za uhuru za graviti zinatoka 6 badala ya 2

Ticha_Nyegezi: Habari za jioni wakuu. Niko Mwanza hapa Nyegezi, nafundisha fizikia sekondari huku nasoma masters, tasnifu yangu ni graviti zilizorekebishwa, zile nadharia zinazoongeza kitu juu ya Einstein ili kueleza kwanini ulimwengu unazidi kutanuka kwa kasi. Msimamizi kasema nisiandike hata ukurasa kabla sijahesabu digrii za uhuru (idadi ya vitu vinavyoweza kubadilika kivyake) za kila nadharia. Sasa naanza na Einstein mwenyewe, metriki (jedwali la namba la kupimia umbali kwenye anga-wakati) ni 4 kwa 4 yenye simetria kwahiyo vipengele 10, natoa 4 za kuchagua koodineti, zinabaki 6. Vitabu vyote vinasema 2!! Wiki ya pili hii nakesha mpaka taa za wavuvi wa dagaa zinazimika ziwani. Na f(R) ndo kabisa, ile inayoweka funksheni ya R (mpindo wa anga-wakati) badala ya R yenyewe, milinganyo ni ya oda ya nne, yaani ina derivativu za nne, sijui hata pa kuanzia. Nimekosea wapi, na niendelee na f(R) au nihamie graviti yenye masi, ile ambayo chembe ya graviti ina masi?

Mzee wa Mwaloni: Ticha umekosea sehemu moja tu, na wengi tumepita hapohapo. Geji, yaani ule uhuru wa kuchagua koodineti, inapiga mara mbili. Kuchagua koodineti kumeondoa 4 sawa, ila kwenye milinganyo 10 ya Einstein kuna 4 ambazo hazina derivativu ya pili ya wakati, hizo hazikwambii kesho itakuaje, zinakubana leo kwamba data ya kuanzia huwezi kujiwekea unavyotaka. Nenda pale Kirumba uangalie mtumbwi uliofungwa kwenye nguzo kamba ikiwa imekaza, mahali ulipo utaandika kwa namba mbili lakini njia ya kwenda ni moja tu, kuzunguka nguzo. Kwahiyo 10-4-4=2, ndo zile polaraizesheni mbili (namna mbili za kutikisika) za wimbi la graviti, ya jumlisha na ya msalaba.

hamiltoniani_wa_igoma: Naongezea kwa mzee, hesabu kwa njia ya Dirac, yaani vipengele pamoja na momenta (mwendo wa kila kipengele), hautapotea tena. Vipengele 10 na momenta zake 10 ni 20, vizuizi vya daraja la kwanza (vile vinavyotokana na geji) viko 8 na kila kimoja kinakula 2, zinabaki 4, gawa kwa 2. Oda ya nne ya f(R) isikutishe, iandike upya kama nadharia yenye uga mmoja wa skala (namba moja tu kila mahali) juu ya metriki, ni ukoo wa Brans na Dicke wa 1961, halafu hesabu tena.

Dada Bwiru: Mdogo wangu, mimi nakushauri baki na f(R). Graviti yenye masi ni tamu sana ila ina historia ngumu: Fierz na Pauli 1939 walipata digrii 5, mwaka 1972 Boulware na Deser wakaonyesha ukitoka kwenye hesabu ya mstari (ya graviti dhaifu tu) digrii ya sita inarudi, na hiyo ya sita ni mzimu, nishati yake haina sakafu. Mpaka 2010 ndo de Rham, Gabadadze na Tolley wakaunda moja isiyo nayo. Kuthibitisha vizuizi vyake kwa mkono ni kazi ya miezi na wewe una vipindi vya kufundisha. Halafu 17 Agosti 2017 wimbi la graviti la nyota mbili za nyutroni lilifika na mwanga wa gama ukafuata sekunde 1.7 tu baadae, yaani graviti na mwanga kasi yao ni karibu sawa kabisa, nadharia nyingi za skala zilianguka siku ile, f(R) haikuguswa maana wimbi lake la tensa (lile la polaraizesheni mbili) linaenda kwa kasi ya mwanga.

hamiltoniani_wa_igoma: Dada yuko sahihi, ila ticha usimwage mraba wa Weyl (sehemu nyingine ya mpindo, isiyo R) ndani ukidhani bado ni f(R). Stelle 1977 alionyesha digrii zinakuwa 8, yaani 2 za kawaida, skala 1, na 5 za spini 2 yenye masi, na hizo 5 ndo mizimu. f(R) inapona kwasababu derivativu za juu zote zimeingia kupitia R peke yake.

Ticha_Nyegezi: Wakuu nimekaa nayo usiku kucha. Kwa f(R), metriki 10 na skala 1 ni 11, pamoja na momenta zake ni 22, toa 16 za vizuizi vilevile 8, zinabaki 6, gawa kwa 2 ni TATU. Imetoka!! Fierz na Pauli nayo nimejaribu, vipengele 6 vya anga pamoja na momenta zake ni 12, kile cha wakati kinaleta kizuizi na kizuizi kinazaa mwenzake, toa 2 zinabaki 10, gawa kwa 2 ni 5. Nabaki na f(R), kesho naanza kuandika sura ya pili. Mzee wa Mwaloni ule mtumbwi nitawachorea form six Jumatatu.

Mzee wa Mwaloni: Wachoree na kamba ikiwa imelegea, wakuambie uhuru unakuwa ngapi.