Chenso inapandisha resi yenyewe na flaiwili inacheza: ni beringi za krenki au oilsili?

mbao_za_mufindi:
Wakuu habari za kazi. Niko Mafinga, nina chenso Stihl MS 381 ya kupasulia mbao, kazi kubwa ni paina na mara moja moja milingoti. Mashine ilikuwa inapiga kazi safi, sasa hivi ikishapata moto resi zinapanda zenyewe, unaachia eksileta haishuki mpaka uzime, na ukiilaza ubavu muungurumo unabadilika kabisa. Fundi kacheza na skrubu za kabureta mpaka kachoka, akasema kabureta imekufa, nikanunua nyingine na hali ni ile ile. Jana nimetoa kava la stata nikashika flaiwili (lile gurudumu lenye sumaku na mapezi) nikaitikisa, inacheza juu na chini, siyo kule kuzunguka, na nyuma yake vumbi la mbao limelowa oili limegandamana. Plagi nyeupe kama chokaa. Sasa naomba kujua, hizi ni beringi za krenki (ile shafti inayozungushwa na pistoni) au oilsili (ile raba inayoziba hewa na oili kwenye shafti) tu? Na kazi hii naweza kuifanya mwenyewe kwa spana za kawaida na pula (kile kifaa cha kuvutia flaiwili itoke), au ndio basi nitafute mashine nyingine? Huku fundi wa karibu anafungulia kila kitu kwa nyundo na roho inaniuma.

Kipanga_Njombe:
Mkuu hiyo ni oilsili ya upande wa flaiwili, imekwisha inavuta hewa. Hewa ikizidi mafuta yanakuwa machache ndani, resi zinapanda na plagi inakuwa nyeupe, ndio maana kabureta haikubali kurekebishika. Huna haja ya kupasua injini, toa flaiwili, toboa oilsili kidogo kwenye kile chuma chake, funga skrubu ya mbao ndogo, vuta na koleo inatoka. Angalia tu usikwaruze shafti wala ukuta wa tundu. Weka mpya, maliza kazi.

Mzee_Karakana:
Kipanga umesema kweli kuhusu hewa lakini kaka kasema flaiwili inacheza juu chini. Hapo ukibadili oilsili peke yake umepoteza hela, maana shafti ikishaanza kucheza inaitanua ile midomo ya oilsili kila mzunguko, na mpya nayo itakufa vile vile. Beringi kwanza. Na simamisha hiyo mashine leo leo mwanangu, usiimalizie oda kwanza, maana injini inayovuta hewa inakosa mafuta, na kwenye hizi injini petroli ndiyo inayobeba oili iliyochanganywa humo, kwa hiyo pistoni na silinda zinakauka na inanoki. Beringi mbili na oilsili mbili ni hela ndogo ukilinganisha na silinda.

Kazi inafanyika na spana za kawaida ukiwa na subira. Kabla ya kitu chochote mwaga petroli yote, osha mashine na uiache ikauke. Ili krenki isizunguke wakati unafungua nati, toa plagi ingiza kamba laini ndani ya silinda, ila hakikisha pistoni imeshapanda ikapita tundu la ekzosi, la sivyo kamba itaingia pale ikatwe na vipande vibaki ndani. Klachi inafunguka kwa kuzungusha KULIA, nyuzi zake ni za kinyume, wengi wanavunja hapo kwa kulazimisha kushoto. Nati ya flaiwili ni ya kawaida. Flaiwili itoe kwa pula, usiipenyezee bisibisi nyuma ukapinda mapezi yake, na angalia kile kiufunguo kidogo kwenye shafti kisipotee maana ndicho kinachoshika taimingi.

Toa silinda, toa pistoni (pini yake isukume kwa mkono, kama ni ngumu ipashe joto kidogo, usigonge koneksheni rodi ikaegemea upande mmoja). Hapo sasa kamata rodi uivute juu chini. Ikicheza juu chini hata kidogo, au ukiona imekuwa ya bluu kwa joto, beringi mpya hazitakusaidia, nunua krenki nzima, kwa sababu ile beringi ya chini ya rodi haibadilishwi peke yake. Kucheza kushoto kulia ni kawaida, usiogope.

Ukishatoa oilsili za zamani na skrubu zote za kreksi (ule mwili wa injini unaobeba krenki), sasa ndio sehemu yenyewe ambayo mafundi wetu wanaiharibu. Krenki ya chenso siyo chuma kimoja, imekandamizwa vipande pamoja, ukiipiga nyundo kichwani inapinda na hutaiona kwa macho, utakuja kusikia mashine inatetemeka mpaka mikono inakufa ganzi halafu beringi mpya zinakufa haraka. Tumia JOTO. Kreksi ni ya magnesiamu, inatanuka haraka kuliko chuma cha beringi. Ikifika nyuzi 120 mpaka 150 beringi ya zamani unaigeuza juu ya ubao, unaugonga ubao kidogo, inadondoka yenyewe. Beringi mpya na krenki viweke friza usiku kucha, kreksi ikiwa ya moto beringi inaingia kwa kidole mpaka inagonga chini, halafu kabla joto halijatoka ingiza krenki, zile ringi za ndani nazo zinakuwa zimepata joto na shafti ni ya baridi, inateleza. Ukiona unatafuta nyundo ujue joto halitoshi, rudisha motoni.

mbao_za_mufindi:
Mzee shikamoo, nimekuelewa vizuri sana. Joto nitumie nini, gesi ya kuchomelea inafaa? Na dukani hapa nimeulizia beringi wananipa zenye kifuniko cha mpira pande zote mbili, wanasema ndizo bora hazishiki vumbi.

Mzee_Karakana:
Marahaba. Gesi ya kuchomelea HAPANA. Unapasha sehemu moja inapinda, na magnesiamu ikishika moto, hasa ule unga wake, maji hayauzimi, yanauchochea. Tumia oveni ya kuokea mikate, kreksi iwe imeoshwa haina hata tone la petroli wala oili, na umetoa pampu ya oili, raba zote, mipira na plastiki. Huna oveni, weka sufuria nzito juu ya jiko la mkaa, kreksi iwe juu ya vipande vya chuma isiguse kitako, funika. Dondoshea tone la maji karibu na kiti cha beringi, likichachatika na kuruka ujue joto limefika, likitulia tu bado.

Dada_Gerezani:
Nauza spea hizi Dar, naomba nisaidie upande wa beringi maana hapo ndipo watu wanapigwa. Zenye mpira usichukue kaka. Beringi za krenki ya injini ya mafuta mchanganyiko zinapata oili yake kutoka kwenye ule mchanganyiko unaopita ndani ya kreksi, ukiweka mpira oili haifiki na ile grisi yake inaoshwa na petroli. Unataka ya wazi, na mwishoni mwa namba iwe na C3, maana yake ina nafasi kidogo zaidi ndani kwa ajili ya kutanuka na joto. Ya kawaida isiyo na C3 ikipata moto inabana.

Halafu usije dukani ukasema "nipe beringi ya 381". Njoo na ile ya zamani mkononi, soma namba yake ubavuni, pima na venia (kile kipimo cha milimita) tundu la ndani, upana wa nje na unene. Kwa mfano 6202 ni milimita 15 kwa 35 kwa 11, na 6203 ni 17 kwa 40 kwa 12, lakini kuna chenso zina beringi za vipimo vyao wenyewe ambavyo hazilingani na za kwenye mota za umeme, unaweza kuletewa inayoingia vizuri kabisa ila unene umetofautiana na krenki isikae katikati. Feki ni nyingi, zile za majina makubwa ndizo zinazoigwa zaidi, angalia maandishi yamechongwa safi au yamefifia, izungushe sikioni isiwe na mkwaruzo. Oilsili vile vile, kamata ule mdomo wa raba, uwe laini na kile kispringi cha nyuma kiwe kimekaa. Na nunua gasketi ya kreksi na zile klipu za pini ya pistoni, klipu ya zamani usiirudishe kamwe, ikichomoka inamaliza silinda.

pawaso_rift:
Niko Kenya, naongezea jambo ambalo watu wengi huku huliruka halafu wanarudi kulia. Usiwashe hiyo mashine kabla hujaipima hewa. Kata kipande cha tyubu ya baiskeli uzibe ekzosi kwa kufungia maflari (ile ya kutolea moshi) juu yake, ziba pia upande wa kabureta, halafu pima kupitia tundu la plagi au lile tundu dogo la kupumulia. Pampu ni ile ya mkono ya vakyumu wanatumia mafundi wa breki, nyingi zina pande zote mbili, kusukuma na kuvuta. Sukuma mpaka 0.5 bar, mwagia maji ya sabuni kwenye oilsili, kwa maungio ya kreksi na chini ya silinda, uone kama kuna povu. Halafu sasa VUTA, 0.5 bar pia, na ndani ya sekunde 20 isishuke chini ya 0.3, huku ukizungusha krenki polepole. Wengi wanasukuma tu wanaridhika. Oilsili mdomo wake umeangalia ndani, presha ikija inaukandamiza kwa shafti, kwa hivyo hata iliyochoka inashika. Ni wakati wa kuvuta ndio inainuka na kuachia, na pistoni ikipanda kreksi inavuta, kwa hivyo hapo ndipo hewa inaingia. Na yule atakayekuambia unyunyizie petroli pembeni ukiwa umewasha usikie resi zikibadilika, usimsikize, maflari ya moto iko hapo hapo.

Kipanga_Njombe:
Nakubali Mzee, kuhusu kucheza juu chini nilisoma haraka. Niongezee moja kwenye kufunga: zungushia selotepu nyembamba kwenye nyuzi na pale kwenye mfereji wa kiufunguo kabla ya kupitisha oilsili, halafu paka oili mdomo wake, maana ile kona ya mfereji inachana raba hujui. Upande wenye springi uangalie ndani. Na kama oilsili ya zamani imechimba kamfereji kwenye shafti, usiikalishe pale pale, ipeleke kama milimita moja nje au ndani ipate chuma kizima, ila isiguse beringi.

mbao_za_mufindi:
Narudi na mrejesho wakuu. Nimefungua, beringi ya upande wa klachi ndiyo iliyokufa zaidi, kijumba chake kinachoshika gololi kimevunjika na ndani ya kreksi kulikuwa na unga wa chuma unang'aa. Rodi nzima, haichezi juu chini. Pistoni ina michirizi kidogo upande wa ekzosi lakini silinda ukipitisha ukucha haukwami. Nilitumia oveni ya jirani anayeoka mikate, beringi mpya zimeingia kama alivyosema Mzee, nyundo sijaigusa kabisa. Nimeshaunganisha kreksi ila krenki inazunguka kwa ugumu kidogo, siyo nzito sana. Ni kawaida?

Mzee_Karakana:
Umefanya vizuri sana kijana. Huo ugumu ni krenki imekaa upande mmoja inabana beringi kwa ubavu. Chukua nyundo ya raba au ya mbao, gonga KIDOGO ncha moja ya shafti halafu nyingine, utahisi inaachia ghafla, inatakiwa iwe laini kote. Ikikataa kabisa fungua, usilazimishe. Skrubu za kreksi kaza kwa kupishana kona kwa kona. Gasketi iliyobaki juu pale silinda inapokaa ikate kwa wembe isawazishe, hapo hewa hupita sana. Ule unga wa chuma osha kila kona, tundu za oili na ndani ya kabureta pia, chembe moja inatosha kuua beringi mpya. Koili ya plagi iache nafasi kama 0.2 mpaka 0.3 ya milimita na sumaku ya flaiwili.

Upande wa klachi kufa kwanza unaniambia cheni inakazwa kupita kiasi au inapasua ikiwa butu, opereta anasukuma kwa nguvu na mzigo wote unakwenda kwenye beringi ile. Cheni iwe inavutika kwa mkono juu ya baa.

Na uchanganyaji, kitabu cha Stihl kinasema 1 kwa 50 ukitumia oili yao, yaani mililita 100 kwa lita 5 za petroli, na oili nyingine ya 2T (ya kuchanganya na petroli) ya injini za kupozwa na hewa ni 1 kwa 25, mililita 200 kwa lita hizo hizo. Oili ya gari iliyotumika usiweke humo, hata kama dukani pamefungwa. Ukishapima hewa kama alivyoeleza ndugu wa Kenya na imeshika, skrubu za kabureta rudisha kwenye kipimo cha kitabu, washa bila kupasua, iache ipate joto, halafu skrubu ya resi za juu iache imezidi mafuta kidogo kwa matangi ya mwanzo. Ikishika kazi ipe magogo membamba kwanza, na plagi itoe uitazame, ikiwa ya kahawia endelea, ikiwa nyeupe tena zima na urudie kupima upande wa kuvuta.