Naombeni ushauri: mazabodi ya H110 au ya H310 kwa kompyuta ya steshenari, Masasi

Korosho_Masasi:
Wakuu, salamu zenu. Nina steshenari ndogo hapa Masasi mjini, na kompyuta ninayoitegemea kwa kuchapa barua na kuwajazia watu maombi ya kazi imezimika tangu umeme ulipokatika usiku na kurudi kwa nguvu. Fundi ameifungua, akaona alama nyeusi ya kuungua karibu na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, akasema mazabodi hiyo (bodi kuu inayobeba vifaa vyote) haitengenezeki. Kuna muuzaji wa Kariakoo mwenye mazabodi mbili zilizotumika, moja ya H110 na nyingine ya H310, ambayo ni majina ya chipu kuu ya bodi. Zote ni za soketi 1151 (kikalio cha prosesa), zote zina nafasi mbili za RAM, yaani kumbukumbu ya muda, na kwa macho yangu zinafanana kama shilingi kwa ya pili, isipokuwa H310 imezidi bei kidogo. Naomba mniambie nichukue ipi, kwa sababu wateja wameanza kuhamia kwa jirani.

Bahari_Mikindani:
Pole sana, ndugu. Mimi niko Mikindani, na adui yangu si umeme bali upepo wa bahari. Kompyuta niliyoiweka dirishani iliota kutu kwenye skrubu, kisha kwenye milango ya USB, na mwishowe ikawa inawaka siku inayotaka yenyewe. Ukipata mazabodi yoyote, iweke mbali na dirisha na uifute vumbi mara kwa mara.

Mama_Vyeti:
Mwanangu, kabla ya kununua mazabodi, nunua UPS, kile kifaa cha betri kinachoilinda kompyuta umeme unapokatika. Sisi wa Newala tumejifunza kwa gharama kwamba mashine ya biashara haichomekwi moja kwa moja ukutani. Mtu anayetunza vyeti vya watoto wa wenzake anabeba amana, na amana haiachwi mikononi mwa bahati.

Fundi_Nachingwea:
Kaka, yote hayo ni ya kweli, lakini hujatutajia jambo ambalo bila hilo hakuna anayeweza kukujibu. Prosesa yako ni ipi?

Korosho_Masasi:
Ni i5, mkuu. RAM ni GB 8 za aina ya DDR3, na muuzaji amenihakikishia kwamba itaingia kwenye zote mbili.

Fundi_Nachingwea:
i5 ni jina la ukoo mzima, kaka. Ondoa feni, futa dawa ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa kwa kitambaa laini, kisha utuandikie nambari kamili iliyochorwa kwenye bati lake.

Korosho_Masasi:
Imeandikwa i5-7500. Hata hivyo, naomba nieleze kwa nini moyo wangu uko kwenye H310. Kwanza ni mpya zaidi. Pili, Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, nami nataka mashine itakayonifikisha kwenye Windows 11. Tatu, na hili nilikuwa sijalisema, nimeshamtumia muuzaji nusu ya fedha ya H310.

Fundi_Nachingwea:
Basi simamisha malipo yaliyobaki leo hii. i5-7500 ni ya kizazi cha saba na ilitoka mwaka 2017. Intel ilipoleta kizazi cha nane mwishoni mwa mwaka huohuo, iliacha umbo la soketi 1151 vilevile lakini ikabadilisha kazi za baadhi ya pini, hasa zinazopeleka umeme. Ndiyo maana prosesa yako itakaa vizuri kabisa kwenye H310, utafunga kishikio, utawasha, na hutaona picha. H310 ilitengenezwa kwa kizazi cha nane na cha tisa, ilhali H110 ni ya kizazi cha sita na cha saba. Hoja yako ya Windows 11 ina uzito, kwa kuwa orodha ya Microsoft kwa prosesa kama zako huanzia kizazi cha nane, lakini mazabodi peke yake haiifikishi mashine huko. Ukiitaka H310 itakubidi ununue na prosesa nyingine.

Mzee_wa_Kilwa:
Vijana mnajitesa. Nunueni laputopu, umeme ukikatika betri inaendelea na kazi.

Mdadisi_Lindi:
Naomba radhi kwa mleta uzi, lakini mimi siamini habari hii. Kompyuta za mwaka 2017 zinatumia DDR4, naye anatuambia ana kizazi cha saba chenye DDR3. Mwanzo hakuijua prosesa yake, sasa anaijua mpaka nambari, na fedha ameshatuma kabla ya kuuliza. Nadhani uzi huu umetungwa na muuzaji anayetaka mazabodi zake zizungumzwe.

Mama_Vyeti:
Hata mimi nimeanza kuingiwa na shaka. Mwanangu, utusemee kweli.

Korosho_Masasi:
Mama, sina sababu ya kuwadanganya. Nimekaa gizani na mashine iliyofunguliwa, na watu wanakuja kuuliza kama imepona. RAM ninayo mkononi, imeandikwa PC3L-12800.

Fundi_Nachingwea:
Mdadisi, umeuliza swali zuri, lakini hukumu umeitoa mapema. Prosesa za kizazi cha sita na cha saba zinapokea DDR4, na pia DDR3L, yaani ile ya volti 1.35. Herufi L kwenye PC3L ndiyo hiyo. Watengenezaji kadhaa walitoa H110 zenye nafasi za DDR3 ili mtu asitupe RAM ya zamani, kwa hiyo mashine ya ndugu yetu inawezekana kabisa. Na kumbe swali lako limemsaidia, kwa sababu H110 nyingi ni za DDR4, na mwanya wa katikati wa RAM hizo mbili haupo mahali pamoja. Hata akichukua H110, anaweza kuchukua isiyofaa.

Mdadisi_Lindi:
Hilo nilikuwa silijui. Naondoa tuhuma.

Korosho_Masasi:
Nimempigia muuzaji. H110 aliyonayo ni ya DDR4, ila amesema jirani yake dukani ana ya DDR3, na amekubali fedha yangu ihamie huko. Bado nakusudia kufika kizazi cha nane, lakini nitafika baada ya msimu wa korosho.

Fundi_Nachingwea:
Vizuri. Mwambie aiwashe kwa prosesa ya kizazi cha saba na akutumie video inayoonyesha jina la prosesa kwenye skrini. H110 zilianza mwaka 2015, kabla ya prosesa yako kuzaliwa, na zile ambazo BIOS yake (programu ya kuiwashia mazabodi) haijawahi kusasishwa haziitambui. Aipige picha soketi kwa karibu pia, maana pini ziko upande wa mazabodi na moja ikipinda ni hasara. Mzigo usipakiwe kwenye basi bila kifuniko cha plastiki juu ya soketi. Nawe huko Masasi, pima pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) kabla ya kuunganisha chochote, kwa sababu kama ndiyo iliyopitisha ule umeme, itaunguza na hii.

Korosho_Masasi:
Pawasaplai hatukuipima. Naipeleka kwa fundi asubuhi.