Uzi wa Oregon Ducks: wa 1994, 1999, 2006 au 2012? Tulinganishe kabla sijanunua

Mnyalu_PDX:
Wakuu, heshima kwenu.

Nataka kununua jezi ya timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Oregon, wale Ducks (yaani Bata) wa mji wa Eugene. Nanunua moja tu, maana jezi yenye namba za kushonwa bei yake imesimama. Shida ni kwamba timu hii haina jezi moja. Ukinunua ya Chuo Kikuu cha Alabama ya mwaka wowote, kwa macho ya mtu wa kawaida ni ileile. Ya Oregon lazima kwanza uchague enzi. Nimebaki na hizi nne:

Ya 1994. Kijani na njano zilizo wazi, helmeti ya njano yenye herufi U na O zilizofungamana. Ni zama za mwisho za kocha Rich Brooks, aliyeinoa timu tangu 1977.

Ya 1999. Nike walifumua kila kitu. UO ikaondoka, ikaja O moja kubwa: umbo lake la nje ni uwanja wa Autzen, la ndani ni njia ya kukimbilia ya Hayward Field. Helmeti ikawa ya kijani kilichokolea kinachobadilika mng'ao kadiri mwanga unavyoipiga, kama kichwa cha bata dume.

Ya 2006. Mabegani na magotini wakaweka nakshi ya bati la vinundu, lile la kukanyagia kwenye malori ambalo wachomeleaji wanaliita cheka pleti. Ndipo ikatangazwa kwamba ukichanganya helmeti, jezi, suruali, soksi na viatu unapata mipangilio 384.

Ya 2012. Rose Bowl, ile mechi kubwa ya baada ya msimu inayochezwa Pasadena, California, ya tarehe 2 Januari, helmeti zinang'aa kama kioo cha kujitazamia. Oregon 45, Wisconsin 38.

Mimi moyo uko kwenye 2012. De'Anthony Thomas wa Oregon alikimbia yadi 91 siku ile, mbio ndefu kuliko zote katika historia ya Rose Bowl, na jua la Pasadena likimulika ile helmeti. Tena ulikuwa ushindi wa kwanza wa Oregon katika Rose Bowl tangu 1917. Karibuni mnipinge.

MzeeWaAutzen:
Kijana, shikamoo yako nimeipokea japo hujaitoa.

Huo uzi wa 1994 umeupitia haraka mno, kana kwamba ni wa kale tu na basi. Ngoja nikupe habari yake. Kabla ya hapo Oregon ilikuwa timu ya kuhurumiwa. Ilicheza Sun Bowl mwaka 1963, kisha ikakaa hadi 1989 ndipo ikaalikwa tena kwenye mechi yoyote ya baada ya msimu, Independence Bowl, ikawafunga Tulsa 27–24. Mtoto aliyezaliwa 1963 alikuwa mtu mzima wa miaka 26.

Sasa njoo tarehe 22 Oktoba 1994. Washington, mahasimu wa kaskazini, wako nyuma 24–20, dakika zinaishia, na wamefika yadi 8 kutoka mstari wetu. Mrusha mpira wao Damon Huard anatupa pasi pembeni. Mlinzi wetu mmoja, mwanafunzi mchanga, jezi namba 20, Kenny Wheaton, anaisoma ile pasi kabla haijatoka mkononi. Anaingia katikati, anainasa, anakimbia yadi 97 uwanja mzima. 31–20. Mpaka leo ile picha inaonyeshwa kwenye skrini ya Autzen kabla ya kila mechi ya nyumbani, na uwanja unalipuka kama vile hawajui itaishaje.

Aliyekuwa anakimbia pale alivaa kijani na njano. Hakuna kioo wala bati. Msimu ule tulikwenda Rose Bowl kwa mara ya kwanza tangu 1958. Ukinunua namba 20 ya kijani, kila mtu wa Eugene mwenye umri wangu atakusimamisha barabarani akusalimie.

SimbaWaNittany:
Mzee, shikamoo. Na hiyo Rose Bowl ya tarehe 2 Januari 1995 mlikutana na sisi wa chuo cha Penn State. Ki-Jana Carter alichukua mpira wetu wa kwanza kabisa akakimbia yadi 83 mpaka mwisho. 38–20.

Naandika kwa upendo, lakini jibu langu kwa mleta mada ni kwamba wenye uzi wa kununuliwa ni sisi. Bluu iliyokolea, suruali nyeupe, helmeti nyeupe yenye mstari mmoja, viatu vyeusi. Jina la mchezaji mgongoni hakuna. Majina yaliwekwa 2012 katika kipindi kigumu cha chuo, kuwaenzi wachezaji waliobaki, na 2015 yakaondolewa. Kijana akivaa jezi ile anajua amevaa kitu ambacho babu yake alikitazama.

Oregon wanauza upya wa kila wiki. Fainali ya taifa ya Januari 2015 dhidi ya Ohio State waliingia na nyeupe na kijivu cha fedha. Kijani hakipo, njano haipo. Mechi kubwa kuliko zote katika historia ya chuo, na rangi za chuo zimeachwa nyumbani! Wakafungwa 42–20. Sisemi walifungwa kwa sababu ya jezi. Ila mtoto aliyewasha televisheni katikati ya mechi angejuaje wale ni akina nani?

Kiprono_254:
SimbaWaNittany hoja ya 2015 nakubaliana nayo asilimia mia. Iliniuma.

Lakini wewe na Mzee mnaziweka hizi jezi kama mapambo, na sivyo. Tuanzie chanzo. Phil Knight alikuwa mkimbiaji wa chuo hicho chini ya kocha Bill Bowerman, na mwaka 1964 wawili hao wakaanzisha kampuni ambayo baadaye ikawa Nike. Tarehe 1 Januari 1996 Oregon ilichapwa 38–6 na Colorado kwenye Cotton Bowl, na baada ya hapo Knight akamuuliza kocha Mike Bellotti anahitaji nini ili timu ifike kiwango cha juu zaidi. Jibu halikuwa jezi. Lilikuwa jengo la kufanyia mazoezi ndani, maana Eugene mvua hainyamazi. Jengo likafunguliwa 1998. Mwaka uliofuata ndipo jezi zikaja.

Fikirieni hali yao. Oregon si Texas wala Florida. Vijana wenye vipaji hawazaliwi kwa wingi jirani na uwanja. Lazima uwatoe California na hata mbali zaidi, uwalete kwenye mvua. Utawaambia nini? Alabama anaonyesha vikombe, Notre Dame anaonyesha historia. Oregon ikaonyesha kitu ambacho kijana wa miaka 17 alikiona kwa macho yake Jumamosi na Jumatatu akakizungumzia shuleni. Kwa hiyo kubadilika ndiyo desturi yao, kama vile kutobadilika ni desturi ya Penn State.

Sasa kura yangu: 1999. Sababu ni ile O. Wengi tuliijua kupitia riadha. Edward Cheserek, kijana wetu, alishinda mataji 17 ya vyuo vya Marekani akiwa na O ileile kifuani. Jezi ya 2006 ni ya timu ya futiboli peke yake. O ni ya chuo chote, na ndani yake kuna njia ya Hayward Field. Mkenya anaiona kama kitu chake pia.

Rehema_Eugene:
Za leo wapendwa. Mimi naishi hapa Eugene na uwanjani naenda, kwa hiyo nasema kile kinachoonekana ukiwa kwenye kiti, siyo kwenye picha ya matangazo.

Ukikaa juu pale Autzen, mvua inanyesha, taa zimewashwa, kitu cha kwanza unachotafuta ni namba. Miaka ile ya mitindo mingi kulikuwa na namba nyeusi zenye ukingo mwembamba juu ya kijani kilichokolea, au kijivu juu ya nyeupe, na mtu hujui nani kashika mpira mpaka mtangazaji aseme. Kanuni za vyuo zinataka namba itofautiane wazi na jezi, na kwa haki kabisa. Nakshi za 2006 ndiyo kabisa. Kwenye karatasi zinavutia, ukiwa mbali yale mabega yanaonekana kama yamechafuka. Hiyo itoe kwenye orodha yako, kaka.

Halafu hukuweka ya 2009, na kwangu ndiyo bora kuliko hizo zote. Bati la vinundu likaondolewa, mabegani yakaja manyoya ya mabawa. Hapo mbunifu alifikiria mwili wa mchezaji: pedi za mabega zimetanuka, akiinua mikono kuudaka mpira yale manyoya yanafunguka. Mchoro unafuata mwendo. Na haihitaji kuelezwa, hii ni timu ya bata.

Ya waridi ya 2013 sitaraji uinunue, lakini niitaje. Oktoba 19 dhidi ya Washington State walivaa helmeti za waridi kuhamasisha vita dhidi ya saratani ya matiti, na baadaye baadhi zikapigwa mnada kuchangia mfuko wa Kay Yow wa kupambana na saratani. Wanaosema mabadiliko yote ni biashara waikumbuke siku ile.

Fundi_Msimbazi:
Wakuu, futiboli hii siijui sana lakini jezi ndiyo ugali wangu, Kariakoo mtaani kwetu. Niongee kwa upande wa kitambaa.

Zile za zamani zilikuwa nzito, pamba na sufu, zikinyonya maji mchezaji anabeba mzigo. Zikaja za nyavunyavu. Wamarekani walikuwa hata na jezi za makusudi za kuchanika: ukimkamata mtu unabaki na kipande mkononi, yeye kakimbia. Vyuo vikazipiga marufuku 1982. Baada ya hapo akili ikahamia kwenye kubana: kitambaa kinachovutika, mikono mifupi, jezi imekaza juu ya pedi mpaka mpinzani hana pa kushika. Ndiyo maana jezi ya uwanjani ya miaka ya 2010 ukimvalisha mtu bila pedi inakaa ovyo. Za mashabiki zinakatwa tofauti.

Kwa mnunuzi, tofauti ni hii. Ya 1994 ni kazi ya mshono: kitambaa kizito, namba zimekatwa kwenye kitambaa chao na kuzungushiwa uzi, rangi mbili tatu zimepandishana. Ikifuliwa kwa adabu inadumu miaka. Nakshi kama zile za 2006 na 2009 kwenye jezi ya shabiki mara nyingi zinachapwa au kubandikwa kwa joto. Pasi ikipita vibaya, au ukiianika kwenye jua la saa sita, ukingo unaanza kubanduka. Manyoya ya dada Rehema ni mazuri, ila uliza yamewekwaje.

Na mleta mada, uzuri wa 2012 unaousema uko kwenye helmeti. Ukinunua jezi umeuacha dukani.

Mnyalu_PDX:
Mzee, shikamoo, na naomba radhi haijachelewa.

Fundi kanimaliza na hiyo sentensi ya mwisho. Nimerudia kuangalia picha za 2012 nikaziba helmeti kwa kidole. Jezi iliyobaki hainiambii kitu. Inatoka. 2006 inatoka kwa sababu za Rehema. 2009 nimeipenda, nimeitafuta usiku huu, lakini nyingi ninazoziona ni za kuchapwa.

Zimebaki 1994 na 1999. Nimeelemea 1999, ya kijani, namba 3 ya mrusha mpira Joey Harrington. Kiprono kataja kipigo cha 38–6 cha Colorado. Wale wale Colorado, tarehe 1 Januari 2002 kwenye Fiesta Bowl, Harrington aliwachapa 38–16 akiwa na O kwenye helmeti, na Oregon ikamaliza msimu ya pili kitaifa. Deni lililokopwa na UO likalipwa na O. Kijani kipo, njano ipo, namba inasomeka.

MzeeWaAutzen:
Marahaba. Harrington simpingi, yule kijana alikuwa na damu baridi dakika za mwisho kuliko wote niliowaona. Lakini bila Wheaton mwaka 1994, kocha Brooks haendi Rose Bowl, Bellotti harithi timu inayoheshimika, na Knight haulizi swali lolote. Kura yangu haihami: namba 20.

Rehema_Eugene:
Ukiamua 1999, chukua ya kijani yenye namba za njano, usiruhusu wakuuzie nyeupe ya ugenini kwa sababu ni rahisi. Hapa nyumbani mashabiki huambiwa mapema rangi ya kuvaa kila mechi, na kijani hukosi nafasi ya kuivaa.

Fundi_Msimbazi:
Kabla hujalipa mwombe muuzaji picha mbili: ya namba kwa nje kwa karibu, na ya upande wa ndani jezi ikiwa imegeuzwa. Ya kushonwa utaona mishono ya zigizaga imetokeza ndani, imefuata umbo la namba pande zote. Ya kubandikwa, ndani ni kweupe. Zitume hapa nizione.